Maji ya Mashine na Kifua cha Milimita

Walisema nimemlisha mume wangu limbwata, likamshukia kifuani. Walisema hivyo sebuleni kwangu, nikiwa nimesimama na sinia la chai mkononi, na binti yetu wa mwisho ameketi pale pale anasikia. Kisha wakamchukua mume, wakamchukua na mtoto, mimi wakaniachia masufuria, kwa kuwa masufuria ndiyo waliyoyaogopa. Huo ndio ubaya niliotendewa. Aliyeutamka ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Aliyeuacha upite ni mume wangu mwenyewe. Na aliyejua wakati huo wote ugonjwa unatoka wapi, akanyamaza, ni bosi wake.

Lakini nianze na mume wangu, maana habari hii ilikuwa yake kabla ya kuwa yangu.

Karakanani walimwita Milimita. Kazi yake ilikuwa kukereza vyuma. Chuma kinafungwa kwenye mashine, kinazungushwa kwa kasi, naye anakisogezea kisu kidogo kidogo mpaka kitoke ekseli, au bushi, au skrubu nene kama mkono wa mtu. Kitu kikizidi unywele mmoja, kwake hicho si kitu, anakirudisha. Hata nyumbani hakuacha. Akikata mkate, vipande vilitoka sawasawa hata watoto wakakosa cha kugombea. Nilipojifungua mtoto wa kwanza alitaka kumpima kwa rula kabla hajambeba. Mkunga akamwambia, "Baba, huyu si bomba." Nilimpenda kwa hayo, nasema kweli, ingawa nina uchungu naye mpaka leo.

Mimi shule sikuiona. Kazi yangu ilikuwa nyumba yangu, na ovaroli za mume wangu nilizifua kwa mikono miaka yote ya ndoa. Zilikuwa na harufu kama ya yai bovu lililofungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Nilimuuliza ni harufu ya nini, akasema ni harufu ya kazi, na kama kazi ingenuka marashi wangewaajiri mabibi harusi. Nikacheka. Mikono yangu ikatoka vipele, ngozi ikapasuka katikati ya vidole. Nikadhani ni sabuni. Nikabadilisha sabuni.

Sasa hivi naweza kueleza ile harufu ilikotoka. Kisu kinapokata chuma, vyote viwili hupata moto, kwa hiyo mashine huvimwagia maji yaliyochanganywa na mafuta maalumu. Mchanganyiko huo ni mweupe, na karakanani kila mtu aliuita maziwa. Unamwagika juu ya chuma, unashuka kwenye tangi chini ya mashine, pampu inauvuta, unarudi juu tena. Chuma kikishika kasi, maziwa hayo hupaa yakawa ukungu, na mume wangu alisimama ndani ya ukungu huo kutwa nzima. Wakati ule nilichojua ni kwamba anarudi nywele zimelowa na mvua haikunyesha.

Kifua kilianza taratibu. Jioni anapata homa, anatetemeka, anakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Asubuhi ana nafuu, anaamka, anakwenda kazini. Akaanza kukonda. Suruali zikawa zinashikwa na mkanda tu. Walimpima malaria, hakuna. Wakampima kifua kikuu, hakuna. Wakampa dawa za chupa na za vidonge, nikampa supu, nikampa asali, nikafungua madirisha, nikayafunga. Hakuna nilichoacha.

Halafu akachukua likizo, akaenda kwa mama yake, na huko akapona. Alirudi amenawiri, anapanda ngazi huku anapiga mluzi, akaninyanyua jikoni nikamwambia anishushe, mimi si ekseli. Hazikupita siku nyingi akarudia palepale, homa na kikohozi. Likizo iliyofuata ikawa vilevile. Kwa mama mzima, kwangu mgonjwa.

Wifi yangu ni mtu wa maneno makali na akili ya haraka. Alikuja siku hiyo na shangazi yao na jirani mmoja wa kushuhudia. Nikaleta chai. Hakuna aliyeigusa. Nilianza kuelewa nilipoona jirani, mtu ambaye hajawahi kukataa chai tangu nimfahamu, anasukuma kikombe mbali kwa kidole.

"Wifi," aliniambia, "mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu. Ndugu yangu akienda kwa mama anapona. Akirudi mikononi mwako anaugua. Hebu nionyeshe kingine kinachobadilika."

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko tusi lenyewe. Nilisimama na sinia langu, nikatafuta, na jibu lilikuwa limening'inia kwenye kamba ya nguo dirishani, linadondosha maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Akaendelea. Alisema mwanamume alikuwa ananipenda bila dawa, sasa dawa ya nini. Kwamba nilitia limbwata kwenye chakula nikazidisha kipimo, kama ninavyozidisha chumvi. Shangazi akaguna. Nikamtazama mume wangu aseme neno. Yeye mpimaji wa unywele, mtu asiyekubali kitu mpaka akipime mara mbili, alikuwa anatazama vidole vyake. Kisha akasema labda apumzike kidogo kwa dada yake, tuone. Neno lenyewe lilikuwa hilo, tuone.

Binti yetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alivalishwa viatu na wifi. Walisema naye asije akala kwangu. Alipofika mlangoni alinigeukia, na macho aliyonitazama nayo hayakuwa ya kuaga. Alikuwa ananiogopa.

Wakubwa walikwisha kujitegemea mbali, kwa hiyo nyumba ikabaki na mimi na masufuria. Nilikwenda kwa wifi, geti likafungwa. Nilituma watu wazima, wakarudishwa na maneno. Mume wangu aliishi huko akawa anakwenda kazini kutokea huko, na habari zilizonifikia ni kwamba hapati nafuu, anazidi. Ungedhani hapo wifi angesita. Hakusita. Alisema limbwata limekwisha kuingia kwenye damu, halihitaji tena chakula, linajiendesha lenyewe. Sasa mtu kama huyo utamshinda kwa lipi?

Nikaamua kumfuata mume wangu kazini. Nilitaka kitu kimoja tu, mtoto wangu arudi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima.

Sikuwahi kuingia karakanani kwao. Siku zote mlinzi alikuwa anatuzuia wake langoni, tunapitisha chakula juu ya meza yake. Siku hiyo lori lilikuwa limeshusha mashine mpya, na mlinzi alikuwa ameacha kiti chake akaenda kushangaa kama wenzake. Nikapita.

Kabla sijaona kitu, harufu ilinipiga. Ilikuwa harufu ya beseni langu la kufulia, lakini sasa ilikuwa kubwa kama jengo. Macho yakaniwasha. Hewa ya mle ndani ilikuwa nyeupe kidogo, na taa za juu zilionekana kama zimefunikwa na kitambaa. Kijana mmoja alikuwa anapuliza mabaki ya chuma kilichokerezwa kwa mpira wa pampu ya upepo, na kila akipuliza, wingu linainuka, linamfunika mpaka mabegani, anatokea amelowa.

Wengine walikuwa wameizunguka mashine mpya. Mbele yao alikuwa msimamizi, mzee mcheshi mwembamba ambaye wote walimwita Mtindi. Siku hiyo nilijua kwa nini. Alikuwa ameinama kwenye tangi la mashine kubwa ya zamani na ndoo mkononi. Tangi lile halikuwa na kifuniko. Juu yake palikuwa na utando wa kahawia, mnene, na ndani ya utando niliona vichungi vya sigara na ganda la ndizi. Akausukuma utando kwa ukingo wa ndoo, akachota, akabeba ndoo ile kwa mikono miwili kwa heshima kabisa, akaimimina kwenye tangi safi la mashine mpya.

Kumbe ndiyo desturi yao. Tangu mashine ile kubwa ifungwe, maji yake hayakuwahi kumwagwa hata mara moja, yaliongezwa tu. Mtindi aliamini maji mapya hayajui chuma, yanakikwaruza, lakini yaliyokaa sana yamekomaa. Kwa hiyo kila mashine mpya ilitiwa ndoo moja ya zamani iwe mbegu, kama unavyochukua mtindi wa jana ukagandishia maziwa ya leo. Harufu ikizidi sana, alimwaga humo dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, wakafunga pua, kazi ikaendelea.

"Haya, mtoto kanyonya," Mtindi alisema, akagonga mashine mpya mgongoni. "Atakua huyu."

"Akikua asifanane na wewe tu, mzee," mmoja akamjibu, "chuma kitakataa kuolewa."

Wakacheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Nilidhani ni mume wangu. Nikamtafuta kwa macho, nikamwona amejishika kwenye ubao wa vifaa, anakohoa kweli. Lakini Mtindi naye alikuwa anakohoa. Kijana wa mpira wa upepo anakohoa. Yule aliyetania alikuwa ameinama, mkono umeshika goti. Kilikuwa kikohozi kilekile, kikavu, kifupi, kisichotoa kitu, nilichokisikia ukutani mwa chumba changu mpaka nikakijua kama sauti ya mlango wangu.

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalinitoka kichwani. Mume wangu aliponiona alikuja haraka, akaniuliza kwa sauti ya chini nafanya nini hapa. Nikamwonyesha wenzake kwa mkono.

"Na hawa nao," nikamwambia, "nimewapikia lini?"

Hakuelewa. Yule mtani alielewa upesi kuliko yeye. "Shemeji, hujatupikia hata siku moja," alisema, "ndiyo maana tumekonda hivi." Wawili watatu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, wakaanza kutazamana, na Mtindi akaitazama ndoo yake.

Mume wangu alinishika kiwiko akanitoa mpaka langoni. Alisema namwaibisha. Nilimwambia nataka Kitinda arudi. Alisema tuzungumze siku nyingine. Ningeweza kumpiga siku ile, na angeanguka, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Alianguka kweli, lakini si kwangu. Haikuchukua muda baada ya hapo, alidondoka mbele ya mashine, midomo imekuwa ya bluu. Mtindi ndiye aliyenitumia habari, si wifi. Nilipofika hospitali wifi alikuwa amekalia kiti cha kando ya kitanda kama mlinzi wa benki, akaniambia nisimguse ndugu yake. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Alimsikiliza mgongo, akatazama picha ya mapafu kwenye mwanga, akauliza ugonjwa unavyokwenda. Wifi akajibu haraka kwamba akiwa kwa mama yake anapona, akirudi kwa mkewe anaugua, na aandike hivyo.

Daktari akamuuliza, "Na akiwa kwa mama yake, kazini anakwenda?"

Basi. Swali lilikuwa hilo tu. Miaka hiyo yote. Kwa mama alikwenda likizo. Alikuwa ananiacha mimi na kuiacha karakana siku moja, na kuturudia siku moja, na hakuna aliyefikiria kuitaja karakana, hata mimi niliyeifua kila jioni kwenye beseni.

Nilimweleza daktari harufu, ukungu, na ile ndoo. Nilipofika kwenye ndoo aliacha kuandika. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Alisema maji yale yakikaa bila kubadilishwa huota vijidudu, vijidudu hupanda na ukungu, mtu akavivuta kila siku mapafu yakawa yanapigana navyo mpaka yanapata makovu na kukakamaa. Akiondoka mapema anapona. Akirudi na kurudi, makovu hayaondoki. Aliposema hilo la mwisho alimtazama mume wangu, kisha akaniomba niketi.

Bosi alipoambiwa alikasirika. Alimwita muuzaji wa mafuta yale ya kuchanganyia aje athibitishe mbele ya wafanyakazi kwamba bidhaa yake haina sumu. Nilikuwepo, kwa sababu mume wangu alinituma kuchukua vifaa vyake, na safari hii nilimpita mlinzi bila kumwomba.

Muuzaji alisema kweli haina neno ikitunzwa. Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi: ichanganywe kwa maji safi na kwa kipimo, mafuta machafu yanayoelea yaondolewe, tangi limwagwe na kusuguliwa mpaka chini kabla ya kutia mapya, mashine zifunikwe na ziwe na feni za kuvuta ukungu, mabaki ya chuma yasipulizwe kwa upepo, dawa za dukani zisitiwe humo, na ovaroli zifuliwe kazini, zisipelekwe kwa wake na watoto. Nilitazama mikono yangu. Ndipo Mtindi, kwa uaminifu wake, akauliza je, mbegu itiwe ndoo moja au nusu.

Muuzaji hakuelewa. Mtindi akamweleza. Yule mtu alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya pipa na shati lake jeupe. "Mzee wangu," alisema, "mlikuwa mnaupanda ugonjwa kwa mikono yenu."

Bosi akaingilia. Alisema hayo ni maneno ya kutishana, kwamba yeye yuko hapa kila siku, na mbona yeye haugui.

"Ulihama, bosi," Mtindi akasema.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa bado na uso wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba, hajaupokea. Ofisi ya bosi zamani ilikuwa humo humo ndani, nyuma ya kioo, jirani na mashine kubwa. Baadaye ikahamishiwa ng'ambo ya uwanja.

"Nilihama kwa ajili ya kelele," bosi akasema. "Kila mtu anajua."

"Kelele uliwaambia wao. Mimi niliyebeba meza uliniambia kifua. Ulisema daktari wako amekukataza ukungu wa humu. Ukaniambia nisiwaambie vijana, watadeka."

Hakuna aliyekohoa hapo. Nilisikia maji yanadondoka kwenye tangi. Wale wanaume walikuwa wanamtazama bosi wao, na yeye alikuwa anatazama saa yake, na mimi nilihesabu moyoni likizo za mume wangu, supu zangu, sinia langu la chai, na viatu vya mtoto. Alikuwa anajua. Wakati napakwa uchawi sebuleni kwangu, kulikuwa na mtu amekaa ng'ambo ya uwanja, dirisha limefunguliwa upande wa upepo mzuri, anajua.

Sasa mume wangu yuko nyumbani. Akitoka chumbani kwenda uani hupumzika mara moja katikati. Mashine hawezi tena. Kitinda amerudi, wifi alimleta mpaka getini akageuka bila kuingia. Mtindi amekuja mara nyingi, analia, namkatalia kulia, nampa kiti.

Madeni yapo. Bosi amemwaga tangi la mashine mpya, akaifunika vizuri, kwa sababu ndiyo wateja wanayoiona wakiingia. Ile kubwa ya nyuma bado ina maji yale yale, na watu wanasimama mbele yake leo hii. Wanamdai pumzi zao, yeye anajiona hadaiwi. Anapaswa kulimwaga tangi lile, na anapaswa kusema kwa kinywa chake kwamba alijua.

Mume wangu alinifuata jikoni akaniambia haikuwa mimi. Aliniambia tukiwa wawili, mlango umefungwa. Bado hajasema mbele ya dada yake, na sebule ni ile ile, viti ni vile vile, anajua pa kusimama.

Na wifi. Nimemtumia ujumbe kwamba sitaki aje kwangu kuniomba radhi, akae nayo. Nataka aje akae mezani, mbele ya Kitinda, ale nilichopika. Maana mtoto hula kwangu sasa, lakini kwanza humtazama baba yake akimeza. Hajaja.